Gramafoni ya babu yaimba tena Bangwe

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KWA muda wa miaka mingi sanduku lile lilikaa uvunguni mwa kitanda cha bibi yangu huko Bangwe, mjini Kigoma, likiwa limefunikwa kwa kanga kuukuu. Sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa. Wakati wa likizo tulishinda ufukoni tukiwatazama wanawake wakianika dagaa, na usiku tulilala juu ya kitanda kile tukijua kwamba chini yetu kuna kitu cha marehemu babu ambacho hatujapata kukisikia kikisema.

Nilipokwenda kumjulia hali hivi karibuni, bibi mwenyewe ndiye aliyenitaka nilifungue. Ndani mlikuwa na gramafoni ya kupinda kwa mkono, na pembeni yake sahani 11 za santuri, kila moja imezungushiwa gazeti la zamani. Babu alikuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Kigoma katika miaka ya 1950. Sahani hizo alizinunua moja moja, nyingine kutoka kwa wasafiri waliovuka ziwa wakitokea Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie.

Katika sanduku lile nilipata furaha moja na majuto moja. Nakusimulia yote mawili, ndugu msomaji, kwa kuwa huenda nawe unalo sanduku kama hilo nyumbani kwako.

MASHINE ISIYOTAKA UMEME

Gramafoni ya aina hii haihitaji umeme wala betri. Ukizungusha mkono wake unakaza springi ndefu ya chuma iliyojikunja ndani ya pipa dogo. Springi inapojikunjua ndiyo inayozungusha sahani. Ili mwendo usiende mbio mwanzoni na kulegea mwishoni, kuna kidhibiti chenye vyuma vizito vidogo ambavyo hutanuka kadiri mashine inavyokwenda kasi, navyo huivuta irudi katika mwendo wake wa mizunguko 78 kwa dakika.

Sauti nayo hutoka kwa njia nyepesi kueleweka. Sindano ya chuma hupita katika mfereji mwembamba wa sahani na kutikisika. Mtikisiko huo hupanda hadi kwenye kichwa cha sauti, ambamo katika mashine nyingi mna kiwambo chembamba cha ulanga, madini yale yale yaliyochimbwa katika milima ya Uluguru. Kiwambo hutikisa hewa, na bomba lililofichwa ndani ya sanduku huikuza sauti.

Ya babu ilikuwa imekwama. Nilimpelekea fundi saa mmoja wa mjini. Alipofungua pipa la springi alikuta grisi ya zamani imeganda na kuwa ngumu kama nta. Aliniasa nisijaribu kazi hiyo mwenyewe, kwani springi iliyokazwa ikifyatuka yaweza kukata mkono. Aliisafisha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka grisi mpya. Mipira iliyoshika kiwambo ilikuwa imekauka na kupasuka. Mahali pake akaweka vipande vya mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli. Kazi ikaisha kwa siku mbili.

Watu wa Kigoma hawana haja ya kufundishwa thamani ya grisi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa mitambo ile ile ya mvuke. Chuma kilichotunzwa na mkono unaojua chaweza kulala majini kikaamka.

MUZIKI WA MASHINE NI WA ZAMANI

Muziki unaotolewa na mashine si jambo geni katika Afrika Mashariki. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, anasimulia katika kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, habari za kinanda kikubwa cha kuzungusha kwa mkono kilichowatumbuiza jamaa ya baba yake, Sultani Said.

Huko Ulaya na Marekani vilifuata vinanda vya ajabu zaidi: piano zilizojipiga zenyewe. Ndani yake mlipita gombo la karatasi lenye matundu. Kila tundu liliruhusu hewa ipite, na hewa hiyo ikaamuru kijinyundo kipi kigonge waya upi. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo, Marekani, wakakubaliana juu ya kipimo kimoja cha gombo, hata gombo la kampuni moja likaweza kuchezwa katika piano ya kampuni nyingine. Katika miaka ya 1920 redio na gramafoni bora zilianza kuzipiku, na msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukazimaliza. Leo wapo watu wanaobadilisha ngozi na mipira ya piano hizo na kukusanya magombo yake, na Chuo Kikuu cha Stanford huyapiga picha matundu hayo kwa mashine kabla karatasi haijasagika kuwa unga.

Sisi urithi wetu haumo katika magombo, umo katika sahani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, nazo zikarudi zikauzwa katika pwani nzima na bara. Baadaye, mwaka 1948, ilianzishwa huko Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kampuni ya santuri iliyoitwa Ngoma, na muziki wa dansi wa Kongo ukasambaa. Kila sahani ya namna hiyo ilibeba takriban dakika tatu tu kwa upande. Lakini katika dakika hizo tatu mna pumzi ya mtu aliyekwisha kufa.

KOSA LANGU

Sasa nieleze majuto yangu. Gramafoni ilipopona, nilitaka sahani nazo zing'ae. Moja, ambayo karatasi yake ya jina ilikuwa imeliwa na mende, ilikuwa na uchafu mwingi kuliko zote. Nilichovya pamba katika spiriti nikaanza kuisugua. Pamba ikawa nyeusi, nami nikafurahi nikidhani ni uchafu unaotoka. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu huniita mume, aliinama akatazama.

"Mume wangu," akauliza, "unaosha au unafuta?"

Nilikuwa nafuta. Sahani za zamani zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa vidudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huyeyusha lakiri. Mfereji uliobeba wimbo ulikuwa umegeuka utelezi. Tulipoiweka kwenye mashine ilitoa mkwaruzo mtupu. Ndipo bibi aliponieleza kwamba huo ndio uliokuwa wimbo wa babu, aliokuwa akiucheza kila Jumapili akitoka zamu.

Jina la mwimbaji halikujulikana, na namba ya sahani imefutika. Mashine niliyoipata imekufa fundi aliifufua kwa siku mbili. Wimbo niliouua mimi hapana fundi awezaye kuufufua.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa faida ya wenye masanduku kama lile, haya ndiyo niliyojifunza:

Kwanza, sahani za lakiri zifutwe kwa kitambaa laini na maji safi yenye sabuni kidogo sana, bila kulowesha karatasi ya jina, kisha zikaushwe kivulini. Spiriti isikaribie.

Pili, sindano ya chuma ibadilishwe kila upande mmoja unapokwisha. Sindano iliyochakaa huikata sahani.

Tatu, sahani za plastiki zilizokuja baadaye zisichezwe kwenye gramafoni ya kupinda, kwani uzito wa kichwa chake huzichimba.

Nne, zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mbali na jua. Zikilazwa chungu nzima, za chini hupinda au kuvunjika.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, kabla ya kusafisha chochote nakili katika daftari maandishi na namba zote za sahani, kisha irekodi, walau kwa simu, siku ya kwanza inapocheza. Na umwite mzee wa nyumba asikilize, aseme ni nani huyo anayeimba na wimbo huo ulichezwa lini. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Sahani kumi zilizobaki nimezirekodi zote. Ile ya kumi na moja, jioni moja barazani, bibi aliniimbia yeye. Alikumbuka beti mbili na kiitikio, mahali penginepo akapiga mluzi kwa kuwa maneno yamempotea. Nimeirekodi pia, na katika daftari nimeandika jina lake mahali pa mwimbaji.