Kompyuta za Kukadiria Mafuriko: Kwa Nini Yenye Viini Vingi Si Lazima Iwe ya Kasi Zaidi

Mvua kubwa ikinyesha kwenye Mlima Kenya na milima ya Aberdare, wakazi wa kando ya Mto Tana huku chini huwa na siku kadhaa kabla ya maji kuwafikia. Bwawa la Masinga hujaa, na likishajaa maji ya ziada hupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakateremka hadi Garissa, Bura, Hola na Garsen. Siku hizo ndizo za kuhamisha mifugo, kuvuna kilichokomaa na kuwapeleka wazee na watoto mahali palipoinuka. Swali huwa ni moja kila msimu: safari hii maji yatafika wapi, na yatakuwa na kina gani?

Jibu hutafutwa kwa hesabu, na hesabu hizo hufanywa na kompyuta. Kompyuta za kazi hii si za bei rahisi, nazo hununuliwa kwa fedha za umma, ziwe za serikali kuu, za kaunti au za wafadhili. Kwa hiyo inafaa mwananchi ajue zinavyofanya kazi na kwa nini mbili zinazofanana kwenye karatasi ya zabuni zinaweza kupishana mara tano au sita kwa kasi zikipewa mto mmoja wa kukokotoa.

Jinsi maji yanavyohesabiwa

Programu ya mafuriko huigawa ardhi katika miraba midogo, kama mkulima anavyogawa shamba la unyunyiziaji katika majaruba. Kila mraba una kimo chake cha ardhi, kina cha maji yaliyomo na mwendo wa maji hayo. Kompyuta huuliza kila mraba: umepokea maji kiasi gani kutoka kwa majirani zako, na umewapitishia kiasi gani? Ikimaliza miraba yote, saa ya hesabu husogea sekunde chache mbele na kazi huanza upya. Ili kufika siku tatu mbele, mzunguko huo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara.

Tuchukue mfano wa bonde lenye urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 20. Likigawanywa katika miraba ya mita 30 kwa 30, tunapata miraba zaidi ya milioni 1.3. Tukitaka kuona vizuri zaidi, hadi barabara na tuta la mtaro, tukagawa kwa mita 10, miraba inafika milioni 12. Idadi imeongezeka mara 9, lakini kazi imeongezeka zaidi ya hapo. Miraba ikiwa midogo, hatua za saa nazo lazima ziwe fupi, maana maji hayaruhusiwi kuruka mraba mzima kwa hatua moja. Hatua zinakuwa fupi mara 3, na kazi yote inaongezeka mara 27. Hesabu iliyochukua saa 1 sasa inachukua saa 27, na huko juu maji hayasubiri.

Hapo ndipo wazo la kugawana kazi linapoingia. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kukokotoa hali ya hewa kwa mkono wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Utabiri wa saa 6 tu ulimchukua wiki sita hivi, na bado haukuwa sahihi. Katika kitabu chake cha 1922 aliwazia ukumbi wa watu 64,000, kila mmoja akikokotoa kipande chake cha dunia na kumpa jirani majibu. Kompyuta za leo hufanya karibu kama alivyowaza, ila badala ya watu kuna viini vya prosesa. Kila kiini hupewa sehemu yake ya bonde, na kila baada ya hatua viini hupashana habari za mipakani.

Watu thelathini, mfereji mmoja

Mtu akiambiwa prosesa moja ina viini 16 na nyingine 64, atadhani ya pili itamaliza kazi kwa robo ya muda. Mara nyingi haiwi hivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba ipo sehemu ya kazi isiyogawanyika: kusoma data, kuandika matokeo, viini kusubiriana mwisho wa hatua. Mhandisi Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967. Sehemu hiyo ikiwa asilimia 5 tu ya kazi, viini 16 vinaongeza kasi mara 9 hivi, viini 64 mara 15, na hata viini milioni moja haviwezi kupita mara 20.

Sababu ya pili ndiyo hasa inayowaponza wanunuzi. Hesabu ya maji kwa kila mraba ni ndogo: kujumlisha, kutoa, kuzidisha kidogo. Kinacholeta kazi ni kuzitoa namba za miraba kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuzirudisha, mamilioni kwa kila hatua. Kiini hukokotoa upesi kisha kikakaa bure kikisubiri namba nyingine zije. Ni kama watu thelathini wenye mitungi kwenye mfereji mmoja. Ukiongeza wengine thelathini, maji hayatoki kwa kasi zaidi, foleni tu ndiyo inayorefuka. Dawa ni kuongeza mifereji.

Mifereji hiyo ni njia za kumbukumbu, na upana wake hupimwa kwa gigabaiti kwa sekunde. Kompyuta ya kawaida ya mezani ina njia mbili. Ikiwa na kumbukumbu ya aina ya DDR5-4800, njia moja hupitisha gigabaiti 38.4 kwa sekunde, yaani 76.8 kwa zote mbili. Seva zenye prosesa za AMD EPYC za kizazi kilichotolewa mwishoni mwa 2022 zina njia 12 za aina hiyo hiyo, jumla gigabaiti 460.8. Tofauti hiyo ni mara sita, na kwa kazi ya mafuriko, bonde likiwa kubwa, tofauti ya kasi hukaribia hapo hapo hata kama viini vya kompyuta ya mezani, kimoja kimoja, ni vyepesi kuliko vya seva.

Kuna mtego hapa unaostahili kusemwa wazi. Njia 12 hufanya kazi zote pale tu ambapo kila moja imewekewa kibao chake cha kumbukumbu. Zabuni ikisema tu "seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 256", muuzaji anaweza kuleta vibao viwili vya gigabaiti 128 kila kimoja. Karatasi imetimizwa, hakuna aliyevunja sheria, na njia 10 kati ya 12 zimekaa tupu. Seva ya mamilioni ya shilingi inarudi kwenye upana wa ile ya mezani. Zabuni iliyoandikwa vizuri hutaja idadi ya vibao na kwamba kila njia ijazwe.

Jambo jingine dogo ni kwamba matangazo hutaja "nyuzi" mara mbili ya viini, kwa mfano viini 32 na nyuzi 64. Kwa kazi ya aina hii nyuzi za ziada hazisaidii sana, kwa kuwa zinakunywa mfereji ule ule.

Mashindano mawili ya dunia

Ubishi huu haupo kwa seva ndogo peke yake. Tangu 1993, orodha ya TOP500 hupanga kompyuta kubwa kuliko zote duniani mara mbili kwa mwaka, kwa jaribio ambalo hukokotoa sana na kugusa kumbukumbu kidogo. Baadaye likaongezwa jaribio la pili, HPCG, linalofanana zaidi na kazi za maji na hewa. Katika orodha ya Juni 2023, Frontier ya Marekani ilipata petaflopi 1,194 kwenye jaribio la kwanza, nayo Fugaku ya Japani 442. Petaflopi moja ni hesabu milioni milioni elfu kwa sekunde. Kwenye HPCG mambo yaligeuka: Fugaku ilipata 16 na Frontier 14 hivi. Kompyuta iliyokuwa ya kwanza duniani ilitumia karibu asilimia 1 tu ya nguvu zake, na ile ya Kijapani, iliyojengwa kwa prosesa zenye kumbukumbu pana sana, ikaipita. Anayenunua kwa kuangalia namba ya kwanza pekee anaweza kuwa amenunua sifa.

Kadi za michoro

Kadi za michoro, zile zilizoanza kwa ajili ya michezo ya kompyuta, zina mifereji mipana kuliko prosesa yoyote ya kawaida. Kadi ya NVIDIA RTX 4090 hupitisha gigabaiti 1,008 kwa sekunde, na H100, iliyotengenezwa kwa vituo vya data, hufikisha 3,350 katika umbo lake kubwa. Kwa mafuriko, kadi moja inaweza kushinda seva nzima.

Lakini kuna masharti. Programu lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya kadi. LISFLOOD-FP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza, ina toleo linalotumia kadi. HEC-RAS toleo la 6, la Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambayo hutolewa bure na kutumiwa na wahandisi wengi, hukokotoa kwa prosesa kuu, kwa hiyo kuinunulia kadi ya bei ghali ni kutupa pesa. TELEMAC ya Wafaransa hugawa kazi vizuri kwa viini vingi na hata kwa kompyuta kadhaa zilizounganishwa. Kwa maneno mengine, programu huchaguliwa kwanza, mashine baadaye. Sharti jingine ni ukubwa: RTX 4090 ina kumbukumbu ya gigabaiti 24 pekee, na bonde lisiloingia humo halikokotolewi, au hukatwa vipande na kasi ikapungua. Tena kadi za michezo ni dhaifu sana kwa namba zenye tarakimu nyingi, ambazo programu nyingine huzihitaji.

Umeme nao ni gharama. H100 ya umbo kubwa hula hadi wati 700, na joto lake lazima liondolewe. Katika miji ya joto kama Garissa na Hola, hewa baridi ya chumba cha seva inaweza kuwa bili ya pili. Na kwa kuwa stima hupotea hasa wakati wa dhoruba, betri za akiba zahitajika, na programu ipangwe kuhifadhi ilipofika kila baada ya muda ili isianze upya.

Pale mashine isipotosha

Si kila mafuriko hutoa nafasi ya kukokotoa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 karibu na Mai Mahiu, maji yaliyozuiliwa chini ya reli yalifunguka ghafla na kuua watu zaidi ya 40 wakiwa wengi wao usingizini. Kwa maji ya namna hiyo hakuna kompyuta ya kutegemewa usiku ule. Kinachosaidia ni ramani za hatari zilizokokotolewa miezi kabla, na kwa kazi hiyo hata mashine ya polepole inatosha, mradi iachwe wiki nzima ifanye kazi. Kaunti isiyo na pesa za seva inaweza kuanzia hapo.

Vilevile kasi haiponyi data mbovu. Ramani ya vimo vya ardhi inayopatikana bure kwa Afrika yote ilipimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kwa miraba ya mita 30 hivi, na makosa yake ya kimo hufikia mita kadhaa. Kwenye tambarare za Garsen, ambako mita moja ndiyo tofauti kati ya kijiji kikavu na kijiji majini, kugawa ramani hiyo kwa mita 10 ni kurudia kosa lile lile kwa miraba mingi zaidi. Shilingi inayotumika kupima ardhi upya inaweza kuokoa watu wengi kuliko shilingi ya viini.

Njia ya uhakika ya kulinganisha mashine ni kuchukua mto wenyewe, programu itakayotumika na mvua ya msimu uliopita, kisha kupima dakika. Jaribio lirudiwe kwa viini 1, 4, 8, 16 na kuendelea, mpaka ionekane pale ambapo kuongeza viini hakuongezi kasi. Muuzaji aliye tayari huruhusu jaribio hilo kabla ya mkataba.

Kununua kompyuta kama hizi hujadiliwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, na mkazi yeyote anaweza kuuliza: ni programu gani itatumika, njia ngapi za kumbukumbu zimejazwa, na jaribio la mto wetu lilichukua dakika ngapi? Asiyepata nafasi ya kuuliza kikaoni anaweza kuandika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kwa Kiswahili au Kiingereza. Afisa wa habari anatakiwa kumsaidia asiyeweza kuandika, na jibu litolewe ndani ya siku 21, au saa 48 endapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu.