Jumamosi mlimani, Jumapili kwenye changarawe: mbio zinazoamuliwa usiku

Mfanyabiashara ambaye amewahi kufunga meza gulioni Jumamosi jioni, akapakia mzigo gizani, na Jumapili alfajiri akawa anapanga bidhaa upande wa pili wa mpaka, hatahitaji maelezo marefu kuhusu LeadBoat. Lilikuwa shindano la baiskeli la siku mbili mfululizo katika jimbo la Colorado, Marekani. Jumamosi washiriki walipanda milima ya Leadville kwa baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana na springi mbele. Jumapili walikuwa Steamboat Springs, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari, wakiendesha baiskeli za changarawe ambazo ni nyepesi, zenye tairi jembamba zaidi na usukani uliojikunja kwenda chini. Muda wa siku zote mbili ulijumlishwa ili kumpata mshindi.

Siku ya kwanza peke yake ingetosha kumlaza mtu kitandani. Mji wa Leadville uko takriban mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Iten, mji wa wanariadha nchini Kenya unaosifika kwa hewa yake nyepesi, uko kama mita 2,400. Njia ya Leadville ina urefu wa maili 100 hivi, yaani takriban kilomita 160, na katikati yake inapanda hadi karibu mita 3,800 kabla ya kugeuza kurudi ilikotoka. Mwaka 2023 Mmarekani Keegan Swenson aliimaliza kwa saa 5 na dakika 43, akaweka rekodi. Huyo ni bingwa. Mshiriki wa kawaida hupewa saa 12, na wengi huzitumia karibu zote.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Aliyemaliza saa kumi na mbili jioni alikuwa bado na safari ya gari, chakula, kuoga, na baiskeli ya pili ya kukagua matairi na breki. Alfajiri alitakiwa awe tena kwenye mstari, mbele yake kukiwa na zaidi ya kilomita 220 za barabara za vumbi zinazokatiza mashamba ya mifugo.

Misuli huendeshwa na akiba ya wanga, na akiba hiyo ikiisha inaweza kuchukua siku nzima kujaa tena, hata kwa mtu anayekula vizuri. Washiriki wa LeadBoat hawakuwa na siku nzima. Kwa hiyo walianza kula kwa ajili ya Jumapili wakiwa bado kwenye mbio za Jumamosi: gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, njaa iwepo isiwepo, kisha wali au viazi ndani ya gari mara tu baada ya kuvuka mstari. Aliyeshindwa kula siku ya kwanza kwa sababu tumbo limekataa, jambo la kawaida kwenye miinuko, alilipa deni hilo Jumapili mchana kwa riba. Madereva wa malori wanaoijua barabara ya Mombasa hadi Kampala wanaufahamu uchovu wa siku ya pili. Hauji asubuhi, unavizia mchana.

Lakini usiku una hadithi nyingine pia, na hii ni ya biashara. Leadville ulikuwa mji wa madini. Mgodi wa Climax uliokuwa ukichimba molibdeni ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, maelfu ya watu walipoteza kazi. Mchimba madini mmoja, Ken Chlouber, akaja na wazo lililoonekana la kichaa: mbio za miguu za maili 100 milimani. Hesabu yake ilikuwa ya muuza duka. Mgeni anayepita mchana huacha pesa za soda, ila mgeni anayelala analipia chumba, chakula cha jioni na chai ya asubuhi. Mbio za miguu zilianza mwaka 1983, za baiskeli zikafuata mwaka 1994.

Sasa tazama kilichotokea baadaye. LeadBoat, iliyofanyika mwaka 2021 na 2022, ilikuwa ikimchukua mgeni yuleyule saa ile ile ambayo Leadville ingempangisha chumba, na kumpeleka akalale Steamboat. Bila shaka alikuwa amelala Leadville siku zilizotangulia ili mwili uzoee hewa, lakini kitanda cha Jumamosi kilikwenda mji wa pili. Ni ushindani ambao wenye nyumba za wageni wa Busia na Malaba wanauelewa vizuri.

Huko Steamboat nako kulikuwa na manung'uniko. Wafugaji walilalamika kwamba maelfu ya baiskeli na magari yanayozisindikiza yanaziba barabara wanazotumia kwa kazi. Tarehe za mbio hizo mbili zilitenganishwa, na mwaka 2025 za Steamboat zikahamishiwa Juni.

Afrika Mashariki ina toleo lake. Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, huchukua siku nne mfululizo na kilomita kama 650. Washiriki hulala kwenye mahema njiani, hivyo pesa za usiku hubaki kando ya njia yenyewe. Timu ya Team Amani, yenye waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, iko nyuma ya mbio hizo na za Evolution Gravel Race upande wa Tanzania. Waanzilishi wake walikuwa na sababu moja iliyo wazi: mwendeshaji wa huku akitaka kupimana na wakubwa, viza na nauli humshinda kabla ya mlima. Wakaona ni rahisi kuwaleta wakubwa Mara.

Nahodha wao, Suleiman Kangangi, aliyekuwa wa tatu kwenye Tour du Rwanda mwaka 2017, alifanikiwa kuvuka vikwazo hivyo. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Wenzake waliendelea kushindana.

Mkenya anayetaka kwenda kushindana Tanzania huvuka Namanga bila viza, baiskeli yake juu ya gari, kwenye foleni ileile ya wenye magunia ya vitunguu. Anayetaka Colorado huanza kwa miadi ya ubalozini.