Mshahara Mmoja, Nyumba Nzima

Kupoteza kazi ni pigo kwa yeyote, lakini uzito wake haulingani. Nyumba yenye watu wazima wawili ikikosa mshahara mmoja, hubana matumizi, na yule mwingine huendelea kununua unga na umeme. Nyumba yenye mtu mzima mmoja, awe anaishi peke yake au analea watoto bila mwenza, hukauka mara moja. Hapo ndipo penye upungufu wa hifadhi yetu ya jamii: inamtazama mfanyakazi, haitazami wanaomtegemea.

Tuchukue Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, na anayepunguzwa kazini hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mwisho miaka 10. Aliyetumikia miaka 5 huondoka na mshahara wa siku 35. Tangu 2018 lipo pia fao la kukosa ajira: mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Kwa aliyekuwa akipata shilingi 600,000, hiyo ni kama 200,000 kwa mwezi. Sasa mwenye nyumba Dar es Salaam anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndivyo mzazi anayelea peke yake anavyoishia kwenye mikopo ya kausha damu, au kushika kibarua chochote kilicho chini ya ujuzi wake. Hata kazi mpya ikipatikana, mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, ilhali nauli na ujira wa dada wa kumlea mtoto vinahitajika tangu siku ya kwanza. Zamu ya usiku ataikataa, si kwa uvivu, ila hana wa kumwachia watoto.

Wapo watakaosema ndugu watasaidia. Husaidia kweli, lakini wengi wao nao wanaishi kwa kipato cha kubahatisha, na mchango wa ndugu hauna tarehe. Wengine watahofu kwamba kumwongezea asiye na mwenza kutawavunja moyo wenye ndoa. Hofu hiyo haina msingi: wajane na waliotelekezwa hawakuchagua hali yao, na hakuna avunjaye nyumba kwa ajili ya fao la miezi sita. Kuwahesabu wategemezi pia si jambo geni. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1952, unapima fao la kukosa kazi kwa kumtazama mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili, na kiwango cha chini ni asilimia 45 ya kipato chake cha awali.

Basi wabunge na vyama vya wafanyakazi wadai mambo mawili: fao lianze kulipwa mara notisi inapokwisha, na kiwango kiwe kikubwa zaidi kwa anayeitegemeza nyumba peke yake. Mfanyakazi huyo amechangia sawa na wenzake. Anastahili kinga inayolingana na mzigo wake.