Sufuria Iliyozaa: Juu ya Kutunga Wazo la Kwanza la Filamu Fupi ya Kuchekesha

Mwanafunzi anayetaka kutengeneza filamu fupi ya kuchekesha aghalabu huanza kwa kumtafuta mtu wa kuchekesha. Humfikiria rafiki yake ajuaye kuiga lafudhi za watu, humvika suruali pana, kisha ndipo humtafutia la kufanya. Chanzo cha desturi hii ni dhahiri. Watazamaji wetu wamelelewa na wachekeshaji walioweza kuubeba mchezo mzima kwa sura na miondoko yao, kama marehemu Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Kipaji cha namna hiyo hukomaa kwa miaka mingi. Hakiazimwi kwa siku mbili za kupiga picha. Asiyekuwa nacho hubakiwa na dhihaka tupu: kumcheka mtu wa shamba kwa ushamba wake, au mnene kwa unene wake.

Fasihi simulizi yatupa njia iliyo bora. Katika hekaya za Abunuwasi mna kisa kijulikanacho sana cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na nyingine ndogo, akasema kwamba ile kubwa ilizaa. Jirani akazipokea zote mbili kwa furaha. Alipoazima tena hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani alipopinga kwamba sufuria haifi, alikumbushwa kuwa alikwisha kukubali kwamba huzaa.

Tukichunguza kisa hiki tutaona kuwa hakuna ndani yake mtu wa ajabu wala neno la utani. Kila mmoja anashikilia lake kwa dhati. Kicheko kinatokana na mapatano: aliyeukubali uongo ulipomletea faida sasa anatakiwa aukubali unapomtia hasarani. (Ndiyo maana mahakama iliwafaa mno watungaji wa Vioja Mahakamani vya televisheni ya Kenya, mbele ya hakimu hata uongo husemwa kwa adabu.) Wazo la kwanza la filamu, basi, ni mapatano ya aina hiyo, yawezayo kuelezwa kwa sentensi moja kabla ya kuandikwa hata mstari mmoja wa mazungumzo.

Natoa mfano wa kubuni. Kijana aliyeondolewa chuoni baada ya kufeli anaazima joho siku ya mahafali, ili baba yake, aliyetoka kijijini kwa nauli ya michango ya jamaa, apige naye picha. Hapo sufuria imezaa. Picha ikiisha kupigwa, baba anatoa karatasi mfukoni na kusoma, kwa sauti ya upole, orodha ya wadogo zake ambao ukoo umeamua kwamba msomi wao mpya atawalipia ada. Kijana hawezi kukataa bila kulivua joho, na mwenye joho naye amesimama kando akilingojea, kwani jina lake linakaribia kuitwa.

Wazo hili lahitaji watu watatu, uwanja mmoja na vazi moja, nalo latosha dakika saba. Kwa mwanafunzi asiye na fedha hilo si jambo dogo. Ila lina shimo moja. Mtunzi mvivu atamfanya baba kuwa mshamba wa kuchekwa, avae koti lisilomwenea na kuishangaa lifti, na papo hapo filamu itakufa, maana aliyejitia mtegoni ni mwana, wala si mzee.

Lipo swali linalopaswa kujibiwa kabla mswada haujaanza kuandikwa: je, baba anajua? Ikiwa hajui, tutamcheka kijana kwa kumhurumia. Ikiwa anajua tangu aliposhuka kwenye basi, basi yeye ndiye Abunuwasi, orodha ile aliiandika njiani, na mwigizaji wake lazima aambiwe hivyo kabla kamera haijawashwa, hata kama mtazamaji hataambiwa kamwe.