Uchunguzi wa maoni: kumpenda mgombea urais si kuhesabu viti vya bunge

Mwezi Oktoba 2018, chini ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kikundi cha utafiti juu ya Congo (GEC) pamoja na shirika BERCI walitangaza maoni ya raia. Félix Tshisekedi alikuwa mbele na asilimia 36. Martin Fayulu alikuwa na 8 tu. Mwisho wa Desemba, uchunguzi wa wale wale ulimpa Fayulu 47, Tshisekedi 24.

Wengi walisema namba za kwanza zilikuwa za uongo. Si lazima. Tarehe 11 Novemba, huko Genève, viongozi wa upinzani walimteua Fayulu kuwa mgombea wao wa pamoja, akiungwa mkono na Jean-Pierre Bemba na Moïse Katumbi. Kesho yake Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao. Raia walioulizwa Oktoba walijibu juu ya siasa ya Oktoba.

Kuhusu bunge, kosa lilikuwa kubwa zaidi, na lilikuwa la wasomaji. Swali lilihusu rais, lakini watu wakasoma majibu kana kwamba wabunge nao wamekwisha kujulikana. CENI ilimtangaza Tshisekedi mshindi, matokeo ambayo Fayulu aliyakataa. Emmanuel Ramazani Shadary wa FCC akawa wa tatu, chini ya asilimia 24. Hata hivyo FCC ilitangazwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500. Wapinzani walilalamikia udanganyifu.

Hata bila udanganyifu, hesabu ya viti ni nyingine. Kura ya mbunge inahesabiwa katika eneo lake, na mara nyingi raia anamchagua mtoto wa kwao, chama chochote kile. Tena, orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima inaondolewa, hata kama mgombea wake anapendwa sana Walikale.

Basi anayesoma namba za mapema aangalie kwanza: waliulizwa juu ya kiti gani, wangapi hawajaamua, na nani alilipa kazi hiyo. Kwa mashariki, swali lingine ni zito zaidi: waliulizwa wapi? Beni na Butembo walichagua wabunge mwezi Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa. Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Mtu wa huko anaweza kutoa maoni yake kwa simu kutoka kambi ya wakimbizi, na siku ya uchaguzi akose sanduku la kura.