Kifaa Kinachaji, Nyimbo Haziingii

Kijitabu kinachokuja na kicheza muziki huandikwa kwa mtu mwenye kompyuta yake mezani, intaneti isiyokatika na nyimbo zake zote zikiwa zimehifadhiwa kwenye kompyuta hiyo. Kwake kifaa cha mfukoni ni nakala tu. Kikiharibika, anakifuta na kukijaza upya kabla chai haijapoa.

Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, mambo yako kinyume. Mvuvi anayetoka jioni na taa kufuata ndagala, mama anayepima mawese sokoni, kijana wa pikipiki anayekimbizana na abiria kwenye barabara ya Bujumbura: nyimbo za hawa wote ziko kwenye memori kadi ndani ya redio ndogo au kicheza muziki, na kompyuta ni ya mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Kadi ndiyo asili, kompyuta ni mahali pa kupitia tu. Ndani ya kadi mna Kidum na Diamond Platnumz, ambao utawapata tena popote, lakini mna pia kwaya ya parokia iliyorekodiwa kwa simu, kaswida za maulidi na vigelegele vya harusi ya dada, vitu ambavyo huwezi kuvipakua kokote. Ndiyo maana sikubaliani na vijana wa vibandani ambao neno lao la kwanza, kifaa kikigoma, ni “hii tuiformati tu.” Kuformati ni hatua ya mwisho, na mara nyingi hutaifikia kabisa ukijua kosa liko wapi.

Tuanze na waya, kwa sababu ndiyo mkosaji wa mara kwa mara na ndiyo inayoshukiwa mwisho. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: mbili hupitisha umeme wa volti 5, mbili hupitisha data. Waya nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa kuchaji peke yake, na zile mbili za data hazimo. Ukichomeka, taa inawaka, betri inajaa, kompyuta haisemi kitu. Mteja anaapa kwamba waya ni mzima kwa kuwa “inachaji.” Kuchaji hakuthibitishi chochote kuhusu data, na unene wa waya nao haukuambii kitu. Jaribu waya huohuo kwa simu ambayo unajua huwa inaonekana kwenye kompyuta hiyo. Simu isipoonekana, tatizo umelipata kwa bei ya waya mmoja.

Waya ukiwa mzima, angalia tundu. Tundu la USB la aina ya zamani linatoa si zaidi ya miliampia 500, na yale ya mbele kwenye kompyuta za mezani huwa yamelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Chomeka nyuma, moja kwa moja, bila kigawanyishi. Kama betri ya kifaa ilikuwa imekwisha kabisa, kiache kama nusu saa kabla ya kukihukumu. Vifaa vingine haviamki mpaka vipate chaji kidogo. Halafu kuna unyevu wa ziwa na vidole vyenye mawese, ambavyo huacha utando mweusi au wa kijani kwenye meno ya kadi. Futa kwa pamba na alkoholi kali ya duka la dawa. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, haifai, hata kama jirani amekuambia ni ileile: ina maji na mabaki mengine.

Sasa tuseme kompyuta inalia ile sauti ya kupokea kifaa, lakini kifaa hakionekani. Hapa huenda kompyuta na kifaa havijaelewana namna ya kuzungumza. Vicheza muziki vina namna mbili kuu. Ya kwanza, MSC, kompyuta inakichukua kifaa kama flashi na kukipa herufi yake, E au F. Ya pili, MTP, kifaa kinabaki na mamlaka juu ya hifadhi yake, na kompyuta inaomba faili moja baada ya nyingine. Vicheza muziki vingi, kwa mfano SanDisk Clip, vina sehemu ya mipangilio ya USB ambapo unachagua mojawapo. Ukikwama kwenye MTP, hamia MSC. Kwa mazingira ya kibanda mimi huipendelea MSC siku zote, kwa kuwa haihitaji programu ya ziada na inakubalika kwenye Windows, Mac na Linux.

MTP ina mtego mwingine ambao mafundi wengi hawaujui. Mwezi Machi 2004, Tume ya Ulaya iliiadhibu Microsoft kwa kuifungamanisha Windows na programu yake ya muziki, na kampuni ikalazimika kuuza Ulaya toleo lisilo na vipengele vya muziki na video. Toleo hilo lina herufi N mwishoni mwa jina lake, na lipo hata kwenye Windows 10. Vilivyoondolewa ni pamoja na vile ambavyo MTP huvitegemea. Kwa hiyo kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya inaweza kuwa nzima kila upande, ikaona flashi zote, ikashindwa kukiona kicheza muziki chako na hata simu yako. Fungua ukurasa wa maelezo ya mfumo usome jina la toleo. Ukikuta “Pro N,” Microsoft inatoa bure kifurushi kiitwacho Media Feature Pack kinachorudisha vilivyotolewa. Kinahitaji intaneti, lakini ni mara moja tu.

Hali inayotisha zaidi ni kifaa kuonekana, kisha Windows ya Kifaransa ikadai kwamba lazima diski iformatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha “Formater” kimekaa tayari kinakusubiri. Bonyeza “Annuler.” Kinachokuwa kimetokea mara nyingi ni kwamba kadi ilichomolewa ikiwa bado inaandikwa, au umeme wa Regideso ulikatika katikati ya kazi. Mwanzoni mwa kadi kuna jedwali linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi na unaendelea wapi, kama daftari la mwenye duka la jumla. Daftari likilowa, magunia bado yamo stoo. Ukikubali kuformati, unaanzisha daftari jipya tupu, na nyimbo utakazoweka baadaye zitaandikwa juu ya zile za zamani.

Kwanza toa kadi uijaribu kwenye kisomaji kingine au kwenye simu. Huenda ni tundu tu. Ikishindikana, tumia PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Licha ya jina lake, inaokoa nyimbo pia, kwa sababu haitegemei jedwali bali inatambua mwanzo wa kila faili. Majina ya faili yatapotea, lakini sauti itarudi. Ihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Wengine hukimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha jedwali. Inafaa, ila yenyewe huandika juu ya kadi, kwa hiyo okoa kwanza, rekebisha baadaye. Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa; ifanyie kwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzuri. Wavuvi wanaweza kuipangia siku za mbalamwezi, wakati taa za kuvutia ndagala hazina nguvu na mitumbwi imepumzika.

Kuna kadi inayosema imejaa lakini ndani huoni wimbo hata mmoja, ila vifolda vyenye kishale kidogo pembeni. Hicho ni kirusi. Kimezificha folda zako halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya, unakiamsha mwenyewe. Mwaka 2011 Microsoft ilizuia flashi kujiendesha zenyewe kwenye Windows za zamani, lakini kizuizi hicho hakimgusi mtu anayebofya kwa mkono wake. Nyimbo hazijafutwa. Kama kadi imepewa herufi E, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -s -r /s /d E:\*.* kisha ungoje. Folda zitajitokeza, na njia za mkato uzifute. Halafu isafishe kompyuta ya kibanda kwa programu ya kuua virusi, maana huenda ndiyo inayoambukiza kadi za mtaa mzima.

Kadi za bandia nazo zipo. Juu zimeandikwa GB 64, ndani ni GB 8, na kidhibiti chake kimefundishwa kuidanganya kompyuta. Nyimbo za kwanza zinaingia vizuri, za baadaye zinaonyesha jina lakini hazitoi sauti. Programu ya Kijerumani H2testw huandika kadi nzima kisha kuisoma tena, na haibembelezi. Ipime kadi siku ileile unayoinunua, ikiwa bado tupu.

Na hata kadi halali inaweza kukataliwa. Kadi zinazozidi GB 32 huuzwa zikiwa na mpangilio wa exFAT, ilhali vicheza muziki vingi vya zamani vinasoma FAT32 peke yake. Ukiwa na kifaa cha umri huo, nunua GB 32 uishie hapo.

Nyimbo zikiingia lakini kifaa kikisema hakizitambui, angalia aina ya faili. Nyimbo zinazopakuliwa YouTube mara nyingi huja kama M4A au WebM, na redio ndogo nyingi zinaelewa MP3 tu. Kubadilisha mwisho wa jina kutoka .webm kuwa .mp3 ni kumvalisha mtu kanzu tu, hakumfanyi imamu. Faili lazima igeuzwe hasa. VLC, ambayo vibanda vingi tayari vinayo kwa ajili ya filamu, inaweza kazi hiyo.

Nimeiweka iPod peke yake kwa kuwa ndiyo inayopoteza nyimbo kwa adabu kuliko zote. Apple iliacha kuiuza mwaka 2022, lakini bado inafika mkononi mwa ndugu kutoka Ulaya au Kanada. iPod hufungamana na maktaba ya kompyuta moja. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya pili, iTunes itauliza kama ifute kila kitu na kulandanisha upya. Kwa iTunes, kulandanisha ni kukifanya kifaa kifanane na kompyuta, na kompyuta ya kibanda haina hata wimbo mmoja wako. Kataa. Kwa iPod za aina ya classic, nano na shuffle, nyimbo ziko kwenye folda iliyofichwa inayoitwa iPod_Control, zikiwa na majina ya herufi nne yasiyo na maana. Zinakili zote, kwani jina la wimbo na la msanii limeandikwa ndani ya faili lenyewe. Ila iPod iliyoandaliwa kwenye Mac haitasomeka kwenye Windows bila programu maalumu. iPod touch ni habari nyingine, hiyo ni karibu simu.

Baada ya yote hayo, na nakala ikiwa salama pengine, formati ukitaka. Ni bora kuifanyia ndani ya kifaa chenyewe kama kina sehemu hiyo, kwa sababu kitachagua mpangilio kinachoujua. Rudisha nyimbo folda kwa folda, si zote kwa mpigo, na uitoe kadi kwa njia salama kabla ya kuichomoa. Redio nyingi za bei nafuu hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye kadi, si kwa alfabeti, kwa hiyo kama unataka kaswida zimtangulie Diamond, zinakili kwanza.