Akariri Darasa au Avushwe?

Kila mwaka ufikapo ukingoni, mwalimu hukabiliwa na swali gumu: mtoto aliyeshindwa akariri darasa au avushwe? Kwa miaka mingi hapa nchini, mwanafunzi wa Darasa la Nne asiyefikia kiwango katika upimaji wa taifa ametakiwa kurudia.

Wanaotetea kukariri husema kwamba nyumba haisimami juu ya msingi mbovu. Wanaotetea kuvusha husema kwamba mtoto aachwaye na wenzake huona haya, na hatimaye huacha shule. Pande zote mbili zina hoja, lakini mara nyingi husahau kuuliza mtoto ameshindwa nini hasa.

Tuchukue mfano. Mtoto aambiwa atoe 27 katika 52, naye aandika 35. Katika mamoja ametoa 2 katika 7, kwa kuwa 7 ndiyo kubwa. Akikariri na kufundishwa vilevile, mwakani ataandika 35 tena. Akivushwa hivyo hivyo, kugawanya kwa njia ndefu kutamshinda. Mpe njiti: mafungu matano ya kumi kumi, na njiti mbili. Afungue fungu moja, apate mafungu manne na njiti 12. Akiondoa mafungu mawili na njiti saba, yatabaki mafungu mawili na njiti tano, yaani 25. Kasoro hiyo yahitaji siku chache za mazoezi, si mwaka mzima.

Sababu nyingine zimo nje ya darasa. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa wako watoto wanaoanza shule wakiwa wamezoea Kimwera nyumbani. Aidha, msimu wa korosho hufika miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wa mitihani. Kabla ya kumwita mtoto mzito, mwalimu hana budi kufungua daftari la mahudhurio.

Kwa hiyo, mwanachuo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, zitafute kasoro mapema, ukiwa bado na muda wa kuzirekebisha. Kukariri kusiwe adhabu, wala kuvusha kusiwe njia ya kumwondoa mtoto machoni pako. Na lolote litakaloamuliwa, mwandikie mwalimu atakayempokea: mtoto huyu anajua hili, bado hajui lile, na njia hii imemsaidia. Bila maandishi hayo, mwalimu huyo ataanza kazi gizani, na mtoto ndiye atakayeumia.